Chakula cha Noeli: Kutengeneza Mjazo wa Kuku Mapema na Kuutunza Katika Konjelateri

Mazungumzo na wamama wa kipimo cha watoto na wamama wenye mimba



Mwezi wa kumi na mbili umekaribia. Mvua imeanza, uyoga unauzwa kando ya barabara, na katika kila nyumba ya Manika na Dilala watu wanahesabu feza ya Noeli na Bonane. Leo sitasema juu ya chanjo wala juu ya chandarua. Nitasema juu ya kuku, na zaidi juu ya vile vitu tunavyotia ndani ya kuku. Msicheke. Muuguzi ana sababu ya kuingia jikoni mwenu, nanyi mtaisikia.

Kujaza kuku si desturi ya babu zetu. Wapishi wetu waliofanya kazi katika nyumba za Wabelgiji, zamani za Union Minière, walijifunza kutengeneza ile waliyoita farsi: mkate uliolowekwa, vitunguu, maini na majani yenye harufu, vyote vinasukumwa ndani ya tumbo la kuku kisha vinaokwa. Wakaileta kwao. Leo mama wa Kolwezi anatia humo vitu vya kwetu: karanga, wali, seleri, pilipili kidogo, firigisi ambayo wengine wanaita jezie. Mimi nitasema mjazo. Ni chakula kizuri. Kuku mmoja mwenye mjazo anashibisha watu wengi kuliko kuku mtupu, na hiyo peke yake ni sababu ya kuupenda, maana siku ya Noeli hakuna anayejua ni wageni wangapi watakaoingia.

Shida ni kazi. Tarehe 24 mama anatafuta nguo za watoto, anasuka nywele za mabinti watatu, anapepeta unga wa bukari, anapiga pasi. Baba analeta kuku jioni kabisa, kwa sababu feza ya chimbo ilichelewa. Ndiyo maana wamama wengi wanafikiri hivi: nitatengeneza mjazo siku nyingi mbele, nitautia katika konjelateri, siku ya Noeli nitautoa tu. Mawazo hayo ni mazuri. Lakini mjazo uliotunzwa vibaya unaleta kuhara na kutapika, na wa kwanza kuanguka ni mtoto mdogo.

Sababu yake ni nini? Vidudu tunavyoviita mikrobu vinapenda vitu vitatu: chakula laini, maji, na joto la kadiri. Mjazo una vyote vitatu. Mkate ni laini, supu imeulowesha, na katikati yake joto linakaa muda mrefu kama mtoto ndani ya blanketi. Mahali penye joto namna hiyo, kidudu kimoja kinaweza kuwa viwili kwa dakika 20. Viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane. Hesabuni wenyewe mkifika nyumbani: kwa saa 7 kidudu kimoja kimepita milioni 2. Sufuria iliyoachwa juu ya meza tangu jioni mpaka alfajiri imepata muda huo na zaidi.

Mama mmoja aliniambia: “Mama, mimi sina woga. Asubuhi narudisha sufuria ku moto, inachemuka, mikrobu yote inakufa.” Jibu hili wamama wote walijue. Moto unaua vidudu vingi, ni kweli. Lakini viko vidudu vinavyotoa sumu wakati chakula kinakaa katika joto la nyumba, na sumu hiyo haifi na moto. Kimoja kinakaa katika pua zetu, na katika vidonda na majipu ya mikono. Kingine kinapenda wali uliopikwa na kuachwa. Unaweza kuchemsha mpaka maji yaishe. Vidudu vimekufa, sumu imebaki. Mtu anakula, na baada ya saa moja, au mbili, au sita, anaanza kutapika. Kwa hiyo anayetengeneza mjazo asiwe na jipu wala kidonda cha usaha kidoleni. Kama anacho, afunge vizuri na kumpa binti yake kazi ya kukata na kuchanganya.

Sasa tutengeneze. Kwa kuku mmoja wa kilo moja na nusu hivi, chukua mkate mmoja wa kati uliokaa siku moja au mbili, usiwe na ukungu. Vunja vipande vidogo, kausha juu ya mbabula yenye moto mdogo. Kata vitunguu viwili, punje tatu za kitunguu saumu, na majani ya seleri. Kaanga na mafuta vijiko viwili mpaka vilainike. Maini na firigisi vipikwe peke yao mpaka hakuna wekundu ndani, kisha vikatwe vidogo. Changanya vyote, tia supu ya moto kidogo kidogo, uache mkate ushikamane lakini usiwe uji. Ongeza karanga zilizokaangwa na kusagwa, na chumvi kwa kiasi. Kidonge cha supu kina chumvi nyingi tayari. Ukikitia, acha kijiko cha chumvi.

Mayai? Usiyatie siku ya kugandisha. Ukipenda mayai, utayatia siku ya kupika. Na mama anayependa uyoga wa pori, anunue kwa yule anayemjua na anayejua uyoga. Uyoga wa sumu hauponi kwa moto wala kwa barafu.

Mikono inaoshwa na sabuni kabla ya kuanza, na tena kila mara ukishika kuku mbichi. Kisu na ubao wa kuku mbichi visikate vitunguu wala mkate mpaka vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Na juu ya kuosha kuku mwenyewe: kuku aliyenunuliwa akiwa safi na amegandishwa hana haja ya kuoshwa. Najua desturi ni kumsugua na ndimu chini ya bomba. Maji yanaruka, yanapeleka vidudu kwenye sahani na kwenye chupa ya mtoto iliyo karibu. Yule uliyemchinja nyumbani lazima asafishwe, lakini fanya hivyo katika beseni, polepole, mbali na vyombo vingine, kisha mwaga maji na uoshe beseni na javeli kidogo.

Tena, kwa sababu tuko Kolwezi, neno hili lisemwe: mfuko uliobeba mchanga wa chimbo, au bido iliyowahi kuwa na asidi au dawa ya kiwanda, haiwi chombo cha chakula hata ukiiosha mara kumi. Tunza chakula katika sashe mpya au bakuli lenye kifuniko.

Mjazo umekwisha, sasa unatoa moshi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaweka sufuria nzima, ya moto, ndani ya konjelateri. Nje kunaganda, katikati kunabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na nyama ya jirani yako iliyo humo inaanza kuyeyuka. Fanya hivi: tandaza mjazo katika sahani pana, usiwe mnene. Weka sahani juu ya beseni la maji baridi, funika na kitambaa safi kwa sababu ya nzi. Ukipoa, utie katika sashe, kila sashe chakula cha mara moja. Sukuma hewa itoke, funga, bonyeza sashe iwe bapa kama kitabu, unene wa vidole viwili. Sashe bapa inaganda upesi na inayeyuka upesi. Ile ya mviringo kama kichwa inachelewa pande zote mbili. Tangu kutoa sufuria motoni mpaka kuingiza katika baridi, isipite saa 2. Andika tarehe kwenye karatasi, na jina lako pia kama konjelateri si yako.

Konjelateri iliyo nzuri inafika digri 18 chini ya sifuri. Hapo vidudu vinalala. Nasema vinalala, sikusema vinakufa. Chakula kilichoingia na uchafu kitatoka na uchafu. Katika baridi hiyo, bila kukatika, mjazo unakaa mwezi mmoja na ladha yake nzuri. Lakini sisi tunajua kuran yetu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto wetu Lualaba, yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, nguzo zake zinapita juu ya vichwa vyetu, na bado usiku tunatafuta mshumaa. Kwa nyumba ambamo kuran inakatika, mimi nasema wiki mbili zatosha. Tengeneza kati ya tarehe 12 na 15 Desemba, si mbele ya hapo.

Kuran ikikatika, usifungue. Watoto wanafungua kutazama kama barafu iko, wakatazwe. Konjelateri iliyojaa, ikibaki imefungwa, inashika baridi siku mbili hivi. Iliyojaa nusu, siku moja. Frigo ya kawaida, saa 4 tu. Kwa hiyo yenye nafasi ijazwe na chupa za maji: zikiganda, zinakuwa walinzi wa chakula. Unaweza pia kuifunika na blanketi wakati kuran haiko, lakini iondoe mara kuran ikirudi, mashine ipate hewa.

Utajuaje kama kuran ilikatika usiku mrefu wakati ulikuwa safarini Likasi, au kama konjelateri iko kwa jirani? Chukua kikombe cha maji, kigandishe, kisha weka juu ya barafu kipande cha feza ya chuma. Siku zetu hizi feza ya chuma imekuwa haba. Chuma kidogo, kama kifungo kizito au nati, kinafaa. Ukirudi na kukikuta juu, barafu haikuyeyuka. Ukikikuta chini, au katikati, chakula kiliyeyuka kisha kikaganda tena, na macho hayawezi kukuonyesha.

Na hapo kuna uchungu. Kutupa chakula ni kutupa jasho la mtu. Sitawaambia kwamba ni jambo jepesi. Kanuni ni hii: kama mjazo bado una barafu ndani, au ni baridi kama kitu cha frigo, upike siku ile ile, au urudishe ugande. Kama umekuwa vuguvugu zaidi ya saa 2, utupe, hata kama hauna harufu. Chakula cha sumu mara nyingi hakinuki. Usimpe bibi, usimpe mfanyakazi, usimpe mtoto wa jirani. Kuonja “kidogo tu ili kujua” si kipimo.

Siku ya Noeli imefika. Usiweke sashe juani wala juu ya meza ili iyeyuke. Iache chini ndani ya frigo usiku mzima, katika bakuli ili maji yasidondokee saladi. Kama huna frigo, usiyeyushe kabisa: fungua sashe, tia mjazo katika sufuria na supu kidogo, funika, weka juu ya moto, koroga mpaka katikati kutoke moshi na kuchemka. Kama unaongeza mayai, yatie sasa, ukoroge mpaka yaive. Sisi hapa tunakaa mahali pa juu, meta 1400 na zaidi, na maji yetu yanachemka karibu na digri 95, si 100. Inatosha kuua vidudu, maana mjazo unahitaji kufika digri 74 katikati. Lakini vitu vigumu kama maharagwe na firigisi vinachelewa kuiva. Msiwe na haraka.

Je, utiwe ndani ya kuku au upikwe kando? Wapishi hawatanipenda, lakini mimi nasema kando. Mjazo ulio ndani ya kuku unanywa maji ya damu ya kuku mbichi, na ni mahali pa mwisho kufikiwa na moto. Ngozi imekuwa nyekundu nzuri, kila mtu anasema kuku ameiva, nako ndani kuna vuguvugu tu. Zaidi sana kwa ile namna yetu ya kuoka katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ambapo upande mmoja unaungua na mwingine umelala. Pika mjazo katika sufuria yake, umzungushie kuku kwenye sahani, wageni watasifu vilevile. Kama mume wako lazima amwone kuku amevimba, basi mjaze wakati wa kumweka motoni, mjazo ukiwa wa moto, usishindiliwe, na umpike mpaka maji ya paja yatoke meupe, mguu uzunguke wenyewe, na kijiko ulichochovya katikati ya mjazo kitoke cha moto kisichovumilika mdomoni. Kuku mbichi aliyejazwa asilale usiku, si nje wala katika konjelateri. Hilo moja sikubali hata kidogo.

Juu ya kuku wenyewe: wale waliogandishwa wanakuja kwetu kutoka mbali, wengine ng'ambo ya bahari, wengine Afrika ya Kusini, wanapita mpaka wa Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi, mpaka hapa. Safari ni ndefu, na lori linaweza kukwama. Sokoni, tazama sashe. Kama kuna barafu nyingi nyekundu chini, kama kuku amelala bapa upande mmoja au wameshikana wawili, waliyeyuka njiani wakagandishwa tena. Waache hata kama bei imeshuka. Nunua kuku mwisho wa soko lako, si mwanzo, ili asizunguke nawe katika kikapu asubuhi nzima kati ya nguo na viatu.

Na mama asiye na konjelateri, wala jirani mwenye nayo? Ninyi ni wengi hapa, nimewaona mnatazamana. Msisikitike. Kuku mzima, mwenye miguu, ni konjelateri yenu. Hana haja ya kuran, anakaa safi mpaka siku ya kuchinjwa. Mtu asikudanganye kumchinja tarehe 23 ili kupunguza kazi. Kazi ya kutangulia ni ile ya vitu vikavu: kausha mkate mpaka uwe mgumu kama biskuti, utie katika kopo lenye kifuniko, kaanga karanga na kuzisaga, chambua mchele, weka vitunguu bila kukata. Vitu hivyo vinakaa wiki nzima bila shida. Asubuhi ya Noeli, mmoja anachinja, mmoja anakata vitunguu, na kwa saa moja mjazo uko tayari. Kinachobaki baada ya chakula kiliwe jioni ile ile, kwanza kimechemshwa vizuri. Asubuhi ya tarehe 26 sufuria iwe tupu.

Wamama wenye mimba, nina neno kwenu. Kuna kidudu kinachoweza kukua hata katika baridi ya frigo, na kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu mimba, hali mama anasikia homa kidogo tu. Kwa hiyo msile mjazo uliotoka frigo ukiwa baridi, hata kijiko kimoja cha kuonja. Uchemke kwanza. Na ninyi wenye watoto chini ya miezi 6: Noeli yao ni ziwa tu. Shangazi atataka kumtia mtoto supu mdomoni ili “naye asikie siku kuu”. Mwambieni kwa heshima kwamba muuguzi amekataza. Mtoto wa miezi 6 na zaidi anaweza kula mjazo laini uliopondwa, uliopikwa sasa hivi, bila pilipili, bila mfupa, bila karanga nzima.

Mtoto akianza kuhara au kutapika baada ya siku kuu, usingoje sherehe iishe. Mnyonyeshe zaidi. Mpe maji ya ORS, ile sashe ya kituo, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kama sashe haiko, katika lita moja tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasipite machozi kwa chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Yaliyobaki baada ya siku moja, mwaga. Usimpe dawa ya kufunga tumbo iliyouzwa barabarani. Hapa kituoni tutampa pia vidonge vya zinki, naye atavimeza siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mlete upesi kama macho yameingia ndani, kama analia bila machozi, kama ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, kama anatapika kila kitu, kama kuna damu katika choo, kama analegea au hawezi kunywa. Kuhara kama maji ya mchele kunaweza kuwa kolera, ambayo katika jimbo letu inarudi mara kwa mara. Hapo usingoje hata saa moja, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Mpe maji njiani mnapokuja. Utuambie alikula nini, na kilikaa wapi, na tangu lini, hakuna atakayekukemea. Mlango wa watoto hospitalini unafunguliwa usiku na mchana, tarehe 25 vilevile. Kama mlinzi amesinzia, gongeni kwa nguvu.